Binti yangu amewaficha wakwe zake kazi tunazofanya

Mpendwa Mshauri,

Ninaishi Reading, Uingereza, tangu mwaka 2003. Nilizaliwa Muheza, mkoani Tanga, na marehemu baba yangu alikuwa mwalimu mkuu, mtu ambaye akipita njiani hata wazee waliomzidi umri walisimama kumsalimu. Mimi mwenyewe nilifundisha shule ya msingi kabla ya kumfuata mume wangu huku. Vyeti vyangu vya ualimu havikunifikisha popote, kwa hiyo niliingia katika kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na ndipo nilipo mpaka leo. Mume wangu ni dereva wa basi la abiria. Kwa kazi hizo mbili, na zamu za usiku ambazo sipendi hata kuzikumbuka, tumewasomesha watoto wetu wawili na tumenunua nyumba ndogo ambayo deni lake la benki linaelekea ukingoni.

Kifungua mimba wetu ni binti wa miaka 27. Alisoma sheria katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini, ambako alisema wenzake wengi walitoka shule za kulipia, na sasa ni wakili kijana katika ofisi moja ya London. Mwaka jana alituletea mchumba, kijana wa Kiingereza, mpole, mwenye adabu kuliko nilivyotarajia. Siku ya kwanza alipokuja kwetu alimwona mume wangu anakula ugali kwa mkono, naye akaweka uma chini akafuata. Koti la kazi la mume wangu, lenye nembo ya kampuni ya mabasi, lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango kama kawaida. Hakuuliza kitu.

Wazazi wa kijana wanaishi Gloucestershire, katika vile vijiji vya nyumba za mawe vya Cotswolds. Baba mtu alifanya kazi za fedha London mpaka alipostaafu, na yeye, baba yake na babu yake wote walisoma shule moja ya bweni. Ndoa itafungwa mwakani katika kanisa la kijiji chao. Sasa tumealikwa chakula cha mchana cha Jumapili ili wazazi wa pande zote mbili tujuane.

Mwaliko ulipofika, binti yangu alinipigia simu usiku, akazunguka sana, na mwishowe akasema kwamba wazazi wa mchumba wake wanaelewa kuwa baba yake yumo katika mambo ya usafirishaji na mama yake yumo katika sekta ya afya. Nikamuuliza wanaelewa hivyo kwa sababu gani. Akanijibu, “Sikudanganya, mama. Nilisema kwa jumla tu, wakaelewa walivyoelewa.” Walivyoelewa wao ni kwamba mume wangu ana kampuni ya malori na mimi ni daktari au mkuu wa idara fulani hospitalini. Anachoomba ni kwamba tusiwasahihishe, angalau mpaka harusi ipite.

Baada ya simu akanitumia ujumbe mrefu. Nisisifie nyumba yao wala vitu vyao. Nisiulize nyumba ina umri gani wala ilinunuliwa kiasi gani. Choo nikitaje kwa neno lile na si hili. Nisipeleke beseni la sambusa, nipeleke maua kidogo tu, tena yasifungwe kwa karatasi za kumeta. Na juu ya yote, nisivae lile gauni langu la kitenge lenye mikono mikubwa, ambalo nilimshonesha fundi Tanga mahsusi kwa ajili ya siku kama hizo. Nivae sweta na sketi ya kawaida.

Mshauri, watu hao ninawajua. Nimewaogesha, nimewalisha kwa kijiko. Yupo bibi mmoja kazini kwetu, mjane wa jaji, amesahau majina ya wanawe, lakini akiona maziwa yametangulia kwenye kikombe kabla ya chai anakisukuma kikombe mbali na kugeukia ukutani. Kwa hiyo adabu zao sihitaji kufundishwa na mtoto ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika kijiko.

Mume wangu amekasirika kuliko mimi. Amesema mwacha asili ni mtumwa, na kwamba ama hatakwenda kabisa, ama atakwenda amevaa sare yake ya kazi na kofia yake. Binti analia kwenye simu. Mdogo wake wa kiume anasema tunakuza mambo.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sisi si watu wa hovyo. Kwetu Muheza tunajulikana. Hata nikienda likizo watu huja kunisalimia, wanajua mimi niko hospitali huku Ulaya, na sijawahi kuona sababu ya kueleza zaidi ya hapo, maana unayajua maneno ya watu wa nyumbani kuhusu wabeba maboksi, kama wanavyotuita sisi tunaofanya kazi za mikono Ulaya. Leo mwanangu niliyemlea anaona heshima yetu haitoshi kukaa meza moja na watu ambao hata hatujaonana nao.

Niende ninyamaze kama anavyotaka? Nikiulizwa nafanya kazi gani nijibu nini? Au nibaki nyumbani na mume wangu, tuonane nao kanisani siku ya harusi?

Mama wa Muheza, Reading

*

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma naona kwamba chakula cha mchana ndiyo sehemu yake nyepesi. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya mwalimu mkuu, akafundisha darasa la watoto wengi, akahudumia wajane wa majaji, hatashindwa na saa tatu za Jumapili kijijini. Kinachokusumbua ni kwamba mtoto uliyemsomesha kwa zamu za usiku sasa anakuomba uzifiche zamu hizo hizo. Jambo hilo linauma, na sitakuambia kwamba unakosea kuumia.

Lakini naomba tulitazame polepole, kwa sababu katika barua yako kuna kitu kinachokosekana. Hakuna neno hata moja lililotoka kwa wazazi wa kijana. Dharau yote tuliyoisikia, ya kazi, ya gauni, ya sambusa, imetoka kinywani mwa binti yako akikisia yaliyomo vichwani mwao. Pengine anakisia sawasawa. Amekaa nao, wewe hujakaa nao, wala mimi. Pengine anakisia kwa kutumia wanafunzi aliosoma nao alipokuwa na miaka 19, waliomwuliza amesoma shule gani kabla hawajamwuliza jina. Mzee aliyestaafu kutoka kazi za fedha, ambaye ukoo wake umepita shule moja vizazi vitatu, anaweza kuwa mtu wa kujikweza asiyevumilika. Anaweza pia kuwa mtu mwenye haya, anayewaogopa ninyi kama mnavyomwogopa, akijiuliza usiku atazungumza nini na watu wa Tanganyika bila kusema jambo la kijinga. Hilo hatulijui bado, na ningependa usiende huko ukiwa umeshawahukumu kwa ushahidi wa mtu wa tatu.

Kuhusu ule ujumbe wa simu, nina maoni tofauti kidogo na yako. Kwetu mgeni anayekwenda ukweni huvaa kilicho bora alichonacho na hubeba chakula, kwa sababu kuja mikono mitupu na nguo za shambani ni kumdharau mwenyeji. Katika sehemu ile ya jamii ya Waingereza mambo yamepinduka. Mwenye mali ya zamani huvaa sweta lililotoboka viwiko, humwachia mbwa kiti kizuri, huacha nyumba iwe baridi, na humtazama kwa jicho la pembeni yule anayeonyesha kuwa amenunua vitu vipya. Inasimuliwa kwamba Michael Heseltine, mmoja wa mawaziri mashuhuri wa serikali ya Margaret Thatcher, alisemwa na mwanasiasa mwenzake wa chama chao cha Conservative kuwa ni mtu aliyelazimika kununua samani zake mwenyewe. Yaani alikuwa na fedha nyingi, lakini hakurithi makabati. Kwa watu wanaofikiri hivyo, mwenye kampuni ya malori ambaye binti yako amewabunia huenda asipande cheo kumzidi dereva wa basi kwa kiasi anachodhani. Jambo hili lingenichekesha kama lisingekuwa linawatoa machozi.

Kwa hiyo agizo la sweta linaweza kuwa na maana mbili. Linaweza kumaanisha “mama, usiniaibishe”. Linaweza pia kumaanisha “mama, nimeziona sheria zao ambazo hazijaandikwa mahali popote, nilijifunza kwa kuchekwa, na sitaki wakucheke wewe”. Sijui ni ipi, na huenda yeye mwenyewe hajui. Gauni la kitenge, kwa maoni yangu, ni suala lako peke yako. Mgeni kutoka nchi nyingine aliyevaa vazi la kwao hupimwa kwa kipimo kingine kabisa, na mara nyingi vazi hilo ndilo linalompa mwenyeji jambo la kuuliza.

Hofu ya binti yako, hata hivyo, haikutoka hewani. Watoto wanaosoma shule za kulipia nchini humo ni kama asilimia 7 tu, lakini mwaka 2019 ilichapishwa ripoti ya kitaifa iliyoonyesha kwamba miongoni mwa majaji wa ngazi za juu asilimia 65 walitoka shule hizo. Hiyo ndiyo fani aliyoichagua. Wanasosholojia Sam Friedman na Daniel Laurison walipochunguza mishahara katika kazi za juu walikuta waliotoka familia za wafanyakazi wanalipwa pungufu kwa karibu asilimia 16 kuliko wenzao waliotoka familia za wenye nafasi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi tisa, ikiwemo rangi, dini na umri, lakini tabaka halimo. Anayechekwa kwa lafudhi yake au kwa kazi ya baba yake hana pa kushtaki. Binti yako ni mwanasheria. Yote haya anayajua.

Halafu kuna rangi, ambayo hukuitaja hata mara moja, nami nafikiri binti yako hakuitaja pia kwa sababu inauma kuitaja. Tangu mwaka 1956 shirika la usafiri la London lilipoanza kuajiri wafanyakazi moja kwa moja kutoka Barbados, Waingereza wengi wamezoea kumwona mtu mweusi akiwa kwenye usukani wa basi au kando ya kitanda cha mgonjwa. Binti mweusi anayesema “baba yangu anaendesha basi na mama yangu anahudumia wazee” anajua kwamba msikilizaji ataona picha ambayo alikuwa nayo tayari, na baada ya hapo hatamtazama tena. Wewe unaposikia anaficha kazi zenu, yeye huenda anadhani anaiepuka picha hiyo. Sisemi kwamba hilo linaondoa uchungu wako. Nasema kwamba huenda hukukumbuka kumwuliza.

Kazi ya mumeo ina historia yake, na angefaa kuisikia kabla hajaiva zaidi kwa hasira. Mwaka 1963, mjini Bristol, watu weusi na waliowaunga mkono walisusia mabasi kwa miezi minne kwa sababu kampuni ilikataa kuwaajiri weusi na Waasia kuwa madereva na makondakta, na ushindi wao ulisaidia kuleta sheria ya kwanza ya mahusiano ya rangi mwaka 1965. Meya wa London, Sadiq Khan, ni mtoto wa dereva wa basi, na alilisema hilo katika kampeni mpaka watu wakalizoea. Sajid Javid, aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha, baba yake pia aliendesha basi. Tena katika utafiti wa mitazamo ya jamii uliochapishwa mwaka 2016, asilimia 60 ya watu walijitaja kuwa wa tabaka la wafanyakazi, wakiwemo karibu nusu ya wale wenye kazi za kitaaluma na umeneja. Nchini humo asili ya chini inaweza kuwa fahari. Hata hivyo tusimshurutishe binti yako kwa mifano ya wakubwa: Khan na Javid walisimulia habari za basi wakiwa wamekwisha kupanda, na ni rahisi kuyasema hayo ukiwa juu kuliko ukiwa umesimama ngazi ya pili na mtu ameshika ngazi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Rishi Sunak, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, kwa sababu mama yake alizaliwa Tanganyika na baba yake Kenya. Baba alikuwa daktari, mama mfamasia, wakampeleka Winchester, moja ya shule kongwe za bweni za kulipia. Mwaka 2001, akiwa na miaka 21, alihojiwa katika kipindi cha televisheni akasema ana marafiki makabaila, ana marafiki wa tabaka la juu, na wa tabaka la wafanyakazi. Kisha akajirudi papo hapo akasema, la, si wa tabaka la wafanyakazi. Alichekwa sana kipande hicho kilipoibuka mwaka 2022 alipowania uongozi wa chama chake. Mimi sikucheka. Wahamiaji humlipia mtoto ili aingie mahali ambapo wao hawakuingia, na humsifu kila anapofanana zaidi na watu wa mahali hapo, mpaka siku wanapokuja kumtembelea na kuona kuwa hawana pa kukaa.

Sasa naomba ruhusa ya kugusa sentensi moja ya barua yako, nawe unisamehe kama nitaigusa vibaya. Umesema kwamba Muheza wanajua uko hospitali, na kwamba hujaona sababu ya kueleza zaidi. Umesema hivyo kwa haraka, kama jambo la pembeni, kisha ukaendelea. Lakini binti yako amekua akikusikia ukizungumza na simu ya nyumbani. Amesafiri nawe likizo, amekaa sebuleni kwa shangazi zake, amesikia wageni wakikuita nesi na ameona hukuwasahihisha. Huenda hakuna aliyemfundisha kusema uongo, na pengine hata yeye haoni kuwa ni uongo: nyumbani kwenu kuna maelezo ya jumla kwa watu wa nje, na kuna ukweli wa ndani ambao ni wenu. Aliposema “sekta ya afya” alikuwa anatumia lugha ya nyumbani kwake.

Sikwambii haya ili kukusuta. Unazo sababu, nami nazielewa. Anayeitwa mbeba maboksi na watu ambao karo za watoto wao analipa yeye ana haki ya kuchagua anachosema. Nakuuliza tu: ulipokuwa unaificha kazi yako kwa watu wa Muheza, je, ulikuwa unamwonea aibu yule mama unayemwogesha? Nadhani hapana. Ulikuwa unailinda hadhi ya binti wa mwalimu mkuu. Ukianza mazungumzo na mwanao kutokea hapo, kwa kumweleza ulichokuwa unakilinda wewe, kuna uwezekano akakueleza anachokilinda yeye. Ukianza na “unatuonea aibu”, atakana, atalia, na mtarudi pale pale.

Mumeo anayo haki ya hasira yake, lakini ile methali ningemshauri aiweke kando kwa sasa. Binti aliletwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka mitano, hakuichagua, na asili anayoambiwa ameiacha ameijua kwa likizo. Kuhusu sare ya kazi mezani, namwelewa, na kwa siri ningependa kuiona sura ya kila mtu mlango unapofunguliwa. Hatari yake ni kwamba angekuwa amemwadhibu binti mbele ya watu kwa kosa ambalo wenyeji bado hawajalifanya, na jambo la namna hiyo likishatokea harusi nzima huzungumzwa kwa kulirejea.

Kunyamaza, kama binti anavyoomba, kunawezekana kwa saa chache. Watu wa aina ile mara nyingi huona ni utovu wa adabu kumwuliza mgeni kazi yake moja kwa moja; watazungumza mvua, bustani, mbwa na safari. Lakini ukimya huo una gharama. Utakaa mezani ukihesabu maneno yako, mumeo atakuwa anachemka kando yako, na mtakaporudi nyumbani mtakuwa mmeshiriki jambo ambalo mlilalamikia. Zaidi ya hayo, uongo wa nusu unahitaji kulishwa kila mara. Krismasi itafika, mjukuu atazaliwa, mzee wa Gloucestershire atamwomba mumeo ushauri kuhusu biashara ya malori.

Kujibu kweli ukiulizwa nako kunawezekana, na jibu halihitaji kuwa tangazo. “Ninahudumia wazee Reading, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu Tanzania” ni sentensi fupi na yote yaliyomo ni kweli. Hatari yake haiko kwa wenyeji sana. Iko kwa binti, ambaye ataonekana amewapotosha, tena mbele ya mchumba wake. Ndiyo maana, ukielekea njia hiyo, sioni namna ya kumficha uamuzi wako mpaka siku yenyewe. Anahitaji muda wa kulisema yeye kwanza, kwa maneno yake, hata kama ni kwa simu ya dakika tano.

Kutokwenda kabisa kunaweza kuwalinda kwa siku hiyo. Ila mtu asiyefika huelezwa na wengine, na mnajua tayari mnavyoelezwa.

Na yupo kijana. Ana macho, koti lilikuwa nyuma ya mlango. Ninavyoona mimi, ama anajua baba mkwe wake anafanya kazi gani na ameona si jambo la kuzungumzia, ama anajua na anashiriki kuwaficha wazazi wake, ama amewaambia zamani na binti yako peke yake ndiye bado anabeba mzigo huo. Hali hizi tatu zinatofautiana sana, na yeyote kati yenu anaweza kujua ni ipi kwa kumwuliza swali moja la upole. Afadhali aulize binti. Kama hawezi kumwuliza mtu anayekwenda kuishi naye, basi hapo kuna jambo kubwa kuliko wakwe, nalo ni lao wawili.

Mtakapokwenda, kama mtakwenda, kuna jambo moja ambalo sidhani binti yako amelifikiria. Umekulia Muheza, na wenyeji wenu ni watu wa kanisa la kijiji. Misheni ya Magila, huko huko kwenu Muheza, ilianzishwa na Waanglikana wa UMCA, chama cha wamisionari kilichozaliwa katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge baada ya mmisionari David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Kama ulilelewa katika kanisa hilo, nyimbo za ibada na mpangilio wake unavijua tangu utotoni, na huenda unavijua kuliko wao, kwa sababu wengi wao siku hizi huenda kanisani Krismasi na kwenye mazishi. Huhitaji kuwa daktari ili mpate la kuzungumza.

Mwisho kuna karatasi. Kuanzia Mei 4, 2021, hati ya ndoa ya England na Wales ina nafasi ya majina na kazi za wazazi wote, baba na mama. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1837, iliandikwa kazi ya baba tu. Kasisi wa kijiji atawauliza maharusi habari hizo wiki kadhaa kabla ya harusi, na atakayejibu upande wenu ni binti yako, akiwa amekaa kando ya mchumba wake. Mwulize, kabla ya Jumapili hiyo kama inawezekana, nafasi yako ataijaza vipi na ya baba yake ataijaza vipi, na umwulize ukiwa tayari kusikia jibu lolote. Kisha niandikie tena.